Tofali la Nane: Maneno ya Kumuaga Shangazi wa Kantini

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni, Ndugu Afisa Usalama, wewe uliyenipima mara nyingi kuliko fundi cherehani, Ndugu wasimamizi, wageni waalikwa mliokuja na viatu safi katika kantini yetu hii yenye harufu ya rangi, Shangazi wetu mpendwa, ambaye leo viti vyote vimegeuzwa kukutazama wewe, na ninyi wapaka rangi wenzangu mliochagua kukaa nyuma karibu na chakula: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kabla sijaanza, naomba walioketi meza ya mbele wachunge miguu yao. Chini ya meza hii kuna kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Si keki. Atakayekipiga teke ataikumbuka sherehe hii kwa muda mrefu. Nitakifunua nikimaliza.

Najua wageni mnajiuliza kwa nini nimesimama mimi, wakati humu ndani wamo watu waliosoma. Shule niliiacha mapema, na nadhani nayo ilishukuru. Lakini wenzangu walipokutana kuchagua msemaji wa kumuaga Shangazi anayestaafu, mmoja akasema, "Aseme yule aliyekula zaidi." Hapakuwa na haja ya kupiga kura. Watu waligeuka tu wakanitazama.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Sisi hupaka rangi kuta za nje za majengo marefu. Juu ya paa huwekwa boriti ya chuma. Ncha yake moja hutokeza nje ya ukuta, na hapo ndipo zinapofungwa kamba za ubao ninaoukalia. Ncha ya pili hubaki juu ya paa, na hiyo hukandamizwa kwa matofali ya zege, ili boriti isije ikainuka na kunifuata chini. Mtu mwembamba huwekewa matofali matano. Mwenye mwili wa kiasi, sita. Matofali hayo hupangwa asubuhi watu wote wakisikia, maana kila moja lina kishindo chake linapotua juu ya chuma. Sasa niambieni, ni kazi gani nyingine ambayo uzito wa mtu mzima hutangazwa kila asubuhi kwa kishindo? Wenzetu hujipima chumbani, mlango umefungwa, wamevua mpaka saa ya mkononi. Uzito wangu mimi ulisikika mpaka kituo cha basi.

Nilipokuja hapa kutoka kwetu, ambako ni mbali, nilikuwa mtu wa matofali sita. Aliyenileta ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yule aliyekaa karibu na dirisha akijifanya hanijui. Kazi yake ni kukaa juu ya paa na kuilinda boriti yangu. Yeye ni mtu wa matofali matano mpaka leo, na hana hata adabu ya kulificha jambo hilo.

Mtu aliye mbali na kwao hula kwa sababu nyingi, na njaa huwa ya mwisho. Hula kwa upweke, hula kwa baridi, hula kwa sababu simu ya nyumbani imekatika katikati ya mazungumzo. Alfajiri nilikuwa nameza nusu ya mkate mweupe na chai iliyokolea sukari mpaka kijiko kinasita. Nikipanda, nina nguvu za simba. Jua likisogea kidogo tu, mikono inatetemeka, brashi inakuwa nzito kama koleo, na akili yote iko kwenye skonzi. Lakini nani angenishusha kutoka ghorofani kwa ajili ya skonzi?

Akili ya mlafi haikosi njia. Rangi yetu hupandishwa kwa ndoo na kamba. Nikaelewana na mchanganya rangi, yule anayecheka pale, kwamba nikisema "Kaka, pandisha nyeupe," anajua cha kutia ndani ya ndoo. Ukuta ulikuwa wa bluu. Msimamizi alisimama chini akisikia naagiza nyeupe kila siku, na sijui alidhani ninapaka nini kule. Soda tuliiita thina, jina la dawa ya kuzimulia rangi. Ile skonzi ilinifanya shujaa kwa muda mfupi, kisha ikaniacha na njaa kubwa kuliko ya mwanzo, nami nikaagiza mkono wa pili, kama ukuta unaopakwa rangi mara ya pili. Ndivyo nilivyofika matofali saba, na siku ile kishindo cha la saba kilipolia, wenzangu walipiga makofi. Nami nikawapungia mkono. Mjinga hupunga mkono.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nilikuwa juu, na walionisubiri chini walikuwa wamesogea pembeni.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Tulikuwa kwenye jengo la ofisi, ghorofa za juu, upande wa nyuma. Nikasikia juu yangu sauti kama mlango wa kabati la kale. Ubao ukashuka, kidogo tu, upana wa brashi. Nikaita, "Shemeji, vipi huko?" Nikaita tena, "Shemeji?" Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyebanwa kifua: "Anza kushuka. Polepole. Na usipumue kwa nguvu." Nikashuka, sauti ya kamba ikiwa ndiyo sauti pekee duniani. Nilipokanyaga ardhi nikatazama juu nikitarajia kuona kichwa chake kikichungulia kama kawaida. Hakikuonekana. Nikapanda ngazi za ndani, ghorofa baada ya ghorofa, nikihema, na nikamkuta amelala kifudifudi juu ya boriti, ameyakumbatia matofali yote saba kwa mikono miwili. Ncha ya nyuma ilikuwa imeinuka kidogo kutoka kwenye paa. Nilikuwa nimenenepa tangu kupimwa, matofali hayakunitosha tena, naye akajifanya la nane. Vidole vyake vilichelewa kufunguka.

Sikumwambia mke wangu. Alipiga simu jioni ile, akauliza, "Umekula?" Nikamwambia nimekula. Akasema, "Basi sina wasiwasi." Sijawahi kusikia maneno mazuri yaliyokosea namna ile.

Ndugu Afisa Usalama, siku iliyofuata uliniongezea tofali la nane, la zege na si la nyama, na ukaniambia mbele ya watu: "Boriti imejaa. Na jengo linalofuata paa lake ni la zamani, halibebi zaidi ya matofali saba kwa boriti moja. Nitakupima kabla hatujahamia huko. Ukiwa bado mtu wa nane, hupandi." Mlifikiri nimenyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nahesabu maana yake. Kibali changu cha kukaa hapa ni cha kazi ya juu tu. Chini hakuna nafasi yangu. Nisipopanda, sina kazi. Nisipokuwa na kazi, naondoka. Na nikiondoka, nitamwambia nini binti yangu ambaye ameshawaambia wenzake shuleni kwamba baba yake anapaka rangi mawingu?

Nikaamua nisile kabisa. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeacha shule mapema. Siku ya pili nilipaka dirisha la watu, kioo na vyote, na mtu aliyekuwa ndani ofisini akinitazama.

Ndipo shemeji yangu alipoingia jikoni kwa Shangazi. Nimeambiwa alisema hivi: "Shangazi, msaidie huyu bwana. Ile boriti naipenda, lakini siwezi kulala nayo kila siku."

Shangazi, hukuniita ofisini, maana huna ofisi. Uliniita penye sinki ukiwa na sufuria mkononi.

"Mwanangu, leo asubuhi umekula nini?"

"Sijala, Shangazi. Napunguza."

"Na ukishapunguza mpaka ukaanguka, atabaki nani wa kuwa mwembamba?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha sahani. Ukaendelea:

"Ulipokuwa unakula, ulikuwa unakula nini?"

"Mkate."

"Na baada ya mkate?"

"Mkate."

"Wewe hushibi kwa sababu chakula chako kinakimbia," ukaniambia. Kisha ukanieleza kwa lugha yetu, maana umewalisha wapaka rangi miaka mingi kuliko umri wa baadhi yetu. Ukasema, ngano iliyokobolewa na kusagwa ikawa vumbi hailiachii tumbo kazi yoyote. Inageuka sukari upesi, inapanda nawe juu, kisha inakuachia ghafla, "na wewe mtu wa kamba unajua kuachiwa ghafla kulivyo." Ukasema maharage, dengu, na shayiri yenye ganda lake, zote zina wanga ndani, usidhani hazina, lakini tumbo lazima liubomoe wanga huo kidogo kidogo. "Hicho ndicho chakula kinachokushusha taratibu, kama kamba nzuri. Unafika mchana miguu ikiwa chini yako."

Nikauliza swali la kijinga, nikiwa na furaha ya kijinga: "Kwa hiyo maharage yanapunguza mwili?"

"Hayapunguzi kitu. Yanachelewesha njaa. Njaa ikichelewa, mkono hauendi kwenye ndoo. Kupungua utapungua mwenyewe."

Na kuhusu ndoo sikuwa nimekwambia neno. Nilimtazama shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni. Shemeji akatazama dari.

Ndugu wageni waalikwa, mtu akipewa dawa iliyo wazi namna ile, anaikoseaje? Nisikilizeni, nitawaonyesha. Siku ya kwanza nilikula bakuli zima la maharage, na kwa kuwa sikuambiwa niache mkate, nikala na mkate. Tumbo langu likawa mtu mwenye kazi mbili. Shangazi aliliona bakuli, akauona na mkate, akauondoa mkate kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa la kiufundi, na najivunia kwamba hakuna mtu wa kazi nyingine angeweza kulifanya. Kula maharage na shayiri kunataka kutafuna, na kutafuna kunataka muda, na mimi nilitaka kuwahi ukuta kabla jua halijaupata. Nikamwendea mchanganya rangi. Yeye ana drili yenye kile chuma kirefu cha kukorogea rangi. Tukakiosha, tukakiosha tena, tukatia kifungua kinywa changu ndani ya ndoo mpya, na tukakikoroga kama mkono wa kwanza wa ukuta. Kikawa laini. Kikawa kizuri. Mchanganya rangi alinyanyua kijiti kuona kinavyodondoka, akasema, "Hii inapaka vyumba viwili." Nikakitia kwenye chupa ya chai, nikapanda nacho, nikakinywa nikiwa naning'inia. Nilijiona nimeishinda elimu yote ya dunia.

Kabla ya saa nne nilikuwa naita, "Kaka, nyeupe."

Nikaenda kwa Shangazi nikiwa na hasira, ndiyo, na hasira. Nikamwambia chakula chake hakifanyi kazi. Akauliza nimekilaje. Nikamweleza, na nikamweleza kwa kiburi. Shangazi akaweka mwiko chini. Katika miaka yote niliyomfahamu, siku ile ndiyo pekee nilipomwona akicheka, na hakucheka kwa sauti. Alishika ukingo wa sinki, mabega yakatikisika. Kisha akanijibu kwa maneno haya: "Mimi nimelitafutia tumbo lako kazi, wewe umeipa mashine. Sasa tumbo limekaa bure tangu asubuhi, lifanye nini kama si kukuita?"

Tangu kesho yake alibeba kopo tupu la rangi, akaligeuza, akalikalia mbele yangu nilipokuwa nakula. Fikirieni jambo hilo, ndugu zangu. Mwanamke mwenye sufuria za watu wote hawa motoni, anatenga muda wa kumtazama mwanamume mzima mwenye ndevu akitafuna. Nikitaka kumeza upesi ananiambia, "Tafuna. Ukuta hauondoki." Nikisema nimeshiba, anasema, "Basi acha," na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, maana tangu nizaliwe nilijua chakula kinaachwa kikiisha.

Kuhusu upepo wa maharage katika wiki zile za mwanzo, sitasema mbele ya Mheshimiwa. Niseme tu kwamba nilijitolea kupaka upande ambao haukuwa na madirisha.

Mabadiliko yenyewe hayakuja na ngoma. Siku moja mchanganya rangi alipaza sauti kutoka chini: "Kaka, unaumwa?" Nikamjibu, "Hapana, kwa nini?" Akasema, "Hujaagiza nyeupe leo." Nikatazama jua, lilikuwa limeshavuka paa. Nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyekuwa nikiota skonzi zenye majina, nilikuwa nimesahau kuwa na njaa. Mikono haikutetemeka. Nikaendelea kupaka, na nikiri kwamba nilipaka nikiwa na huzuni kidogo, kama mtu aliyepoteza rafiki mbaya.

Sitawadanganya kwamba mwili ulishuka kama jua la jioni. Kuna wiki mzani haukusogea, na kuna wiki ulipanda, nikaushuku mzani, nikamshuku Afisa Usalama, nikayashuku mabuti yangu. Nilikwenda jikoni kulalamika. Shangazi akaniuliza, "Mkanda wako unafunga wapi?" Nikautazama. Ulikuwa unafunga kwenye tundu la kuukaza nililolitoboa mwenyewe kwa msumari wiki ile na sikulifikiria. Akasema, "Basi ondoka mlangoni, unanizibia mwanga. Zamani ungeuziba wote."

Sasa Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba ruhusa ya kusema jambo moja lisilo na mzaha, halafu nitarudi kwenye mzaha ambako nimezoea. Nimeitazama meza ya leo. Ina keki, ina mikate myeupe, ina thina ya kila rangi. Ni sherehe, tutakula, na mimi nitakula, Shangazi usinitazame hivyo. Lakini nasikia atakayelishika jiko hili baada yake anasifiwa kwa wepesi, kwamba chakula chake kinakuwa tayari dakika ile ile mtu anapofika. Tunamkaribisha. Ombi letu ni dogo. Ile sufuria kubwa ya Shangazi, inayolowekwa jioni na kuwashwa alfajiri kabla mtu yeyote kati yetu hajaamka, isistaafishwe pamoja naye. Sisi tunaning'inia kwenye kamba, Mheshimiwa. Mtu anayeishiwa nguvu ghafla akiwa ofisini huinamisha kichwa mezani. Sisi meza hatuna.

Narudi kwenye mzaha. Ndugu Afisa Usalama, ulinipima jana. Wenzangu hawajui ilikuwaje, kwa sababu niliwaomba wewe na shemeji mninyamazie mpaka leo. Ulisoma mzani. Ukainama, ukausoma tena. Ukaniambia nishuke, ukapanda wewe mwenyewe kuhakikisha haujaharibika. Ukashuka umenuna kidogo, maana uzito wako ulikuwa umeongezeka. Kisha ukasema neno moja: "Saba."

Nikapanda paani na shemeji. Akaliondoa tofali la nane kwa mikono yake mwenyewe, akaliweka pembeni, akaikanyaga boriti kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili. Haikusogea. Akakaa chini karibu nayo, akanyoosha miguu, akasema, "Leo nitakaa kama watu." Nami nikakaa pembeni yake.

Jumatatu ninapanda jengo jipya.

Shangazi, simama tafadhali. Nimekuletea zawadi, na nimeipaka rangi ya bluu, mikono miwili, bila tone la nyeupe. Shemeji, njoo unisaidie kufunua. Hili hapa. Wengine wangekupa saa ya ukutani. Mimi nakupa tofali la zege, kwa sababu ndicho kitu pekee hapa ambacho ni mimi na si mimi tena. Liweke mlangoni lizuie upepo, au likalie ukichambua maharage, au mgeni akikuuliza ulifanya nini maisha yako yote, mwambie alinyanyue.

Anasema nini? Anasema ni zito, atalibebaje.

Ni zito, Shangazi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini yupo mtu humu ndani ambaye msemo huo hakuwahi kuujua. Shemeji atakubebea mpaka nyumbani kwako. Kwake si kitu kigeni. Amelibeba muda mrefu kuliko yeyote kati yetu, na siku moja alilibeba kwa kifua.

Nawashukuru nyote, kuanzia meza kuu mpaka kwenu mliokwisha kuanza kula, kwa masikio yenu na subira yenu. Karibuni mezani. Tafuneni, ukuta hauondoki.